Punje Niliyoinyamazia

Kisondela,
11 Machi 2024

Mkamwana Bupe,

Nakusalimu. Sisi hatujambo; hali ya mjukuu wangu Tusajigwe ndiyo inayonikosesha amani.

Tangu uolewe na mwanangu Ambwene hatujawahi kusemezana. Ndivyo mila yetu ilivyo: wewe hupita migombani, mimi hugeuza uso. Leo naivunja.

Alhamisi ya tarehe 22 Februari ulikwenda kuteka maji. Mimi nilikuwa barazani, nikichambua mbegu za maharage. Mtoto alitia punje mdomoni, akacheka, mara akapaliwa. Alikohoa hadi machozi yakamtoka, kisha akatulia. Uliporudi, nilinyamaza. Nilimngoja mama mkwe wako akwambie, naye alikuwa msibani Kyimo. Aliporudi siku ya nne, mtoto alikuwa akicheza. Nikaona jambo limekwisha.

Sasa nasikia huko hospitalini Mbeya mtoto anatibiwa nimonia kwa wiki ya pili bila nafuu. Mpe daktari barua hii. Kijana wa jirani, Erasto, anapanda basi nayo sasa hivi.

Kosa ni langu, si lako.

Baba mkwe wako,
Anyosisye

Mbeya,
13 Machi 2024

Shikamoo baba,

Mtoto ni mzima! Daktari aliisoma barua yako akiwa amesimama. Akaniuliza, "Mama, si nilikuuliza kama alipaliwa, ukasema hapana?"

Nikamwambia, "Aliyeona haruhusiwi kuongea na mimi."

Nesi akashika kiuno. "Nyie na mila zenu!"

Walimpa dawa ya usingizi, wakapitisha mrija wenye taa mdomoni hadi kwenye njia ya pafu la kulia. Wakaitoa punje; ilikuwa imevimba, ganda limeachia. Leo amekunywa uji, akadai na ndizi. Ambwene amelia kwenye simu.

Tunarudi Jumamosi. Sijui nipite njia ipi, baba.

Mkamwana wako,
Bupe

Kisondela,
14 Machi 2024

Binti yangu Bupe,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu. Mama mkwe wako anadai ni mara saba. Mbegu zote ziko darini, na baraza nimelifagia mwenyewe.

Mzee Hezron, mkubwa wa ukoo wetu, amesikia kwamba nakuandikia, amenuna. Na anune.

Jumamosi usipite migombani. Pita mbele ya nyumba. Nitakuwa barazani, nikitazama njia. Uniamkie kwa sauti, kwa maana masikio yangu yamechoka. Na mtoto akikohoa, hata mara moja, nitakwambia papo hapo.

Baba yako,
Anyosisye