Shemasi na Kopo la Mchwa

Jumanne, 10 Desemba 2024

Siku ya thelathini na tatu tangu mama hondohondo ajifungie kiotani. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa sita, mumewe Shemasi ameleta chakula mara thelathini na moja. Thelathini na moja! Mvua yenyewe ilinyesha mara mbili ikatuaga. Panzi wametoroka. Mimi na akili zangu zote nisingepata panzi thelathini na moja Tseikuru hii.

Naandika hapa kwa sababu fomu ya Yvonne, yule mtafiti wa ndege, haina nafasi ya kusifu. Inataka saa, chakula, na chanzo cha chakula kama kimeonekana. Basi. Lakini huyu hondohondo ana adabu! Anatua kwenye tawi la mgunga, anainamisha ule mdomo mwekundu, ndipo anausogelea ufa na kumpa mkewe. Mke wangu Kalunde ndiye aliyempa jina. Anasema mashemasi wetu wa kanisani wangekuja kujifunza hapa.

Mke hatumwoni. Amejiziba ndani ya sanduku la kiota alilolifunga Yvonne mtini kwa mavi yake mwenyewe, akaacha ufa wa kupita kidole. Vifaranga tunawasikia tu, sauti tatu. Mume asiporudi, wamekwisha wote.

Alhamisi, 12 Desemba

Sikukuu. Nimeenda dukani kwa Hodo kutuma picha za fomu, maana kwangu mtandao ni wa kubahatisha. Yvonne akapiga simu papo hapo kutoka mjini Wote. Furaha yake! Kikamba, Kiswahili, Kiingereza, vyote sufuria moja. Ana masanduku mengine kumi na moja, na kwingine kote akina baba wanaleta mara kumi, kumi na mbili. Katika matatu vifaranga wameshakufa. Langu peke yake ndilo linalonawiri. "Mzee, hii ni finding, ni ugunduzi!"

Kisha akauliza mchwa wote hao Shemasi anawatoa wapi, kwa sababu kila mstari nimeandika mchwa, na chanzo nimeacha wazi. Nikasema nitachunguza.

Nimerudi nyumbani nikitembea kama diwani. Nilihesabu magunia stesheni ya Emali miaka kumi na tisa, na siku hizo zote hakuna aliyenipigia kelele za furaha.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimejua chanzo. Afadhali nisingejua.

Leo niliacha kiti nikamfuata. Akatoka mtini, akapita juu ya zizi, akashuka — nyuma ya jikoni kwangu! Pale Kalunde anapotega mchwa wa kulisha vifaranga wa kuku. Anajaza kopo mabua na mavi makavu ya ng'ombe, analowesha, analipindua juu ya tundu la mchwa jioni. Asubuhi limejaa. Mamangu alifanya hivyo. Kila mtu hapa anafanya hivyo. Nimepita hapo kila siku na sikufikiria hata mara moja.

Upande mmoja Kalunde alikuwa anawamwagia kuku. Upande wa pili, juu ya jiwe, anammwagia Shemasi. Wamezoeana! Ndege hakungoja hata mama wa watu ageuze mgongo.

Nikamwuliza tangu lini. Tangu mvua ikatike.

"Kalunde, hii ni sayansi!"

"Baba Mutie, huko ndani kuna mama na watoto. Sayansi yako itawapa nini?"

Nilikasirika sana. Mimi Muthama, ambaye Emali sikuwahi kukosea gunia moja, nimeandika hesabu mbovu karibu wiki tatu. Na Yvonne anafurahi!

Jumapili, 15 Desemba

Tumetoka kanisani pamoja. Njiani Kalunde akaanza mwenyewe, bila hasira, akiangalia mbele.

Mwaka aliozaliwa mwanetu Mutie, mwaka wa njaa, mimi nikiwa Emali. Unga niliotuma ulikwama njiani wiki mbili. Hilo nalijua. Nililokuwa silijui ni kwamba hakuwa na nguvu za kutoka nje. Alikaa ndani na mtoto mchanga akisikiliza mlango. Mama Nthiwa, jirani, akawa anampitishia uji dirishani, asubuhi na jioni, naye ana watoto wake. "Na hakuna aliyeandika mahali," akasema.

Miaka thelathini na miwili sikujua habari ya uji. Mama Nthiwa tulishamzika, na sikumshukuru. Nilimshika Kalunde mkono hadharani, watu wa kanisa wakituona. Akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 16 Desemba

Hata hivyo uongo ni uongo. Nimempigia Yvonne nikamweleza yote.

Hakunigombeza, na hilo lilinichoma zaidi. Amesema mistari yote ya wiki hizo ataitia alama, haiwezi kutumika. Lakini tukiacha kuwalisha leo na nikiendelea kuhesabu, sanduku bado litafaa. Kwa hiyo ndege asipewe mchwa hata mmoja.

"Na wakifa?"

"Kwingine pia wanakufa, mzee. Ndicho tunachotaka kuelewa." Sauti yake ilitetemeka. Ni mtoto mzuri. Anakuja Ijumaa.

Kalunde alisikia. Akabeba kopo, akawalisha kuku ndani ya banda, akafunga mlango.

Jumanne, 17 Desemba

Kumi na nne.

Mara tano alishuka kwenye jiwe kwanza. Analigonga kwa mdomo, anainua kichwa, anaangalia mlango wa jikoni. Kalunde amehamishia kazi zake zote mbele ya nyumba.

Jumatano, 18 Desemba

Tisa. Ameandamana na nguchiro, anaokota wadudu wanaokurupushwa na wale wakitimua majani. Ana akili. Lakini wadudu wenyewe wako wapi? Alileta mbegu moja kavu. Moja! Akainama vilevile kabla ya kumpa mkewe. Ningekuwa mimi ningeona haya kurudi.

Alhamisi, 19 Desemba

Nne.

Jana sauti tatu. Leo mbili. Nimesikiliza sikio likiwa kwenye mti mpaka shingo ikauma. Mbili.

Jioni Kalunde aliniletea chai palepale kwenye kiti. Hakuuliza hesabu. Nimempenda kwa kutouliza. Alipoenda kufunga mbuzi nikachukua kopo, nikajaza mabua na mavi, nikalowesha, nikalipindua. Mara ya mwisho kutega mchwa nilikuwa sijaota ndevu. Mikono bado inajua.

Ijumaa, 20 Desemba

Kalunde ameenda kisimani kabla ya jua. Kopo lilikuwa limejaa. Nimewamwaga mchwa juu ya jiwe.

Shemasi alikaa juu ya zizi akiniangalia, mimi si mtu wake. Nikarudi nyuma hatua kumi. Akashuka.

Nimeandika fomu kwa kalamu ya wino, mwandiko wa stesheni:

Saa 12.50. Mchwa. Chanzo: Muthama.

Saa 12.58. Mchwa. Chanzo: Muthama.

Saa 1.04. Mchwa. Chanzo: Muthama.

Sijaacha nafasi wazi hata moja. Yvonne akitaka kulitoa sanduku hili kwenye kazi yake, alitoe. Akitaka kunitoa mimi, kiti ni chake. Lakini hesabu ni sahihi.

Saa mbili kasoro. Nasikia pikipiki ikivuka mchanga wa mto, itakuwa ni yeye. Kalunde amerudi na mitungi. Ameona jiwe. Ameniona. Ameweka maji chini, akafungua banda, akatoka na kopo lake.

Saa 1.52. Mchwa. Chanzo: Kalunde.

Pikipiki imezimwa. Yvonne anavua helmeti langoni, anatabasamu, anauliza Shemasi yuko wapi. Nimempa fomu. Anasoma. Shemasi naye huyo anarudi, na jiwe ni jeupe kwa mchwa. Naweka kalamu chini, sasa aamue Yvonne.