Waridi za Laban na dirisha wazi

Bridget, uko? Niko jikoni najifanya napika chai. Wakwe wako sebuleni.

Unakumbuka zile waridi Laban anakuza kwa chumba cha wageni, na taa zake za zambarau? Eti za harusi ya Charity wetu Jumamosi. Miezi minne wageni wanalala kwa kochi ndio maua ya bwana yasisumbuliwe!

Sasa leo jioni wazazi wa bwana harusi wamekuja kutoka Dunga, kule kwa wavuvi. Laban, mume wangu, akasimama mlangoni kama askofu. "Mama, hii taa inashinda jua." Akafungua.

Wadudu wa ziwa, Bridget. Chumba kizima! Ukuta unatembea, waridi huoni hata moja.

Aliwasha taa zote halafu akaacha dirisha wazi, ati maua yapumue. Dirisha wazi. Hapa Kisumu. Wazi!

Mama ya bwana harusi anauza samaki wa omena. Akapangusa mdudu mdomoni, akamwambia polepole, "Baba, hata sisi omena tunaivua hivyo. Unawasha taa, inakuja yenyewe."

Unajua huyu mtu amejibu nini, mbele ya wakwe?

"Labda niongeze taa."