Shingo Ikikataa Kugeuka

Jumatatu, 10 Juni
Boda tena. Nimeshinda kwenye kona ya nyumbani nikipiga picha kila pikipiki inayopeleka maziwa Sotik. Shata ya kamera iwe ya polepole, kiuno kigeuke, kamera imfuate dereva hata baada ya kubonyeza. Pikipiki itoke safi, michai ya nyuma ivutike iwe mistari. Zangu zimetoka ukungu mtupu. Otofokasi, ile ya kamera kujitafutia shabaha, inakimbilia majani yaliyo karibu. Harusi nilizozoea kupiga ni rahisi, maharusi hawana haraka. Lakini timu moja ya magari ya mashindano imeniamini niipigie picha, na Jumamosi magari yanapita hapa.

Jumatano, 12 Juni
Nimempigia simu Koech, aliyeanza kupiga picha za mashindano nikiwa bado shuleni. Ameniambia nitumie nukta moja ya fokasi, ya katikati, na fokasi ya kufuata kinachosogea, si ile ya vitu vilivyotulia. Nimejaribu. Imekubali! Kisha akaongeza jambo ambalo sikumuuliza. "Gari ikipita, shingo yako inageuka. Ikianza kukua na shingo imesimama, jua inakuja kwako. Wachana na picha."
Chakula cha jioni kimenishinda.

Alhamisi, 13 Juni
Wasimamizi wa mashindano wamefunga utepe. Upande wa nje wa kona hatakiwi mtu, na huo ndio upande wa shamba letu. Mama amewasikiliza kwa heshima, akawapa chai. Walipoondoka akasema Jumamosi anachuma hapo hapo. Majani yako tayari, yakizidi kukua, kituo cha kununua chai kitayakataa. Ati michai aliyopanda babu ina mizizi ya kushika hata lori. Kila mtu huku anaamini hivyo. Nimembembeleza. Amenicheka.

Ijumaa, 14 Juni
Mvua. Barabara imekuwa sabuni. Naogopa.

Jumamosi, 15 Juni
Mama alifunga aproni yake ya plastiki akaingia kwenye chai. Nafasi yangu ilikuwa ng'ambo, juu ya ukingo, salama. Nimeiacha. Nimesimama hatua chache mbele ya Mama.

Magari ya kwanza yalipita vizuri. Shingo iligeuka. Picha tamu. Nikaanza kufurahia, nikasahau kuogopa.

Likaja la bluu. Nukta ikashika taa zake. Nikabonyeza, nikabonyeza tena. Gari likakua. Likazidi kukua. Shingo imesimama.

Nimeachilia kamera ining'inie shingoni, nikamvuta Mama kwa aproni, tukaanguka kwenye mtaro wa maji ulio kati ya michai. Matope mdomoni. Michai ikavunjika juu ya vichwa vyetu. Gari lilipita pale tulipokuwa tumesimama, likaenda kulala chini kabisa ya shamba. Dereva na mwenzake wametoka wakitembea. Mizizi ya babu haikushika chochote.

 

Jumapili, 16 Juni
Baada ya kanisa Mama aliomba kuona picha. Alizipita zile nzuri, zenye chai iliyovutika, akasimama kwenye ya mwisho. Gari la bluu uso kwa uso, na nyuma yake ng'ambo ya barabara kila jani limetulia, unaweza kulichuma.
"Hii ndiyo imetoka vizuri," akasema. "Hizi zingine uliharakisha."
Sikumweleza kwamba majani hutulia hivyo pale tu shingo inapokataa kugeuka.
Jioni tumekaa nje, mbali na kona. Boda ya maziwa ikapita. Mama akaifuata kwa macho, nami pia, mpaka shingo zetu zikageuka.