Masomo ya Mwalimu Velayudhan

Irinjalakuda, 9 Julai

Mjomba Sukumaran,

Tunakusalimu huko Maskati. Goti la bibi limepata nafuu, na mvua imeangusha mafenesi mawili juu ya banda la kuku.

Uliniuliza habari za kutunza kompyuta za shule. Mfumo wetu ni huria, mtu yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Kilichobaki cha siri kilikuwa kijiprogramu kimoja cha kuchezesha michoro ndani ya kivinjari, ambacho hata waliokitengeneza wameacha kukihudumia. Jumamosi chumba cha kompyuta kilikuwa wazi kwa usafi, nikakifuta kwenye mashine zote, nikajiona shujaa. Sikumwuliza mtu kama bado kinatumika.

Jumatatu Mwalimu Velayudhan, anayetufundisha biolojia, alifungua somo la moyo wa chura. Masomo yake ameyachora mwenyewe kwa miaka tisa, na hayachezi bila kijiprogramu kile. Badala ya moyo kikatokea kisanduku cha kijivu.

"Mwalimu, chura ameruka!" akasema Biju, na darasa zima likacheka.

"Uzee huu, wanangu. Bila shaka nimebonyeza pasipotakiwa." Kisha akanigeukia. "Revathi, wewe hunicheki. Njoo unionyeshe nilipokosea."

Nilikwenda, mjomba. Nikabonyezabonyeza, nikasema, "Sijui, mwalimu."

Tangu siku hiyo haingii chumba cha kompyuta. Anachora ubaoni kwa chaki. Naweza kukirudisha kijiprogramu kile kwa dakika kumi, lakini ufunguo wa chumba anao yeye, na ataniuliza nimejuaje kasoro ilipo. Kesho asubuhi nitamwomba ufunguo na kumwambia ukweli. Nimekuandikia leo ili nisipate pa kurudi nyuma.

Mpwa wako, kwa aibu,
Revathi