Majina ya Mlangoni mwa Choo

Jumatatu, 5 Mei
Madodoso matano leo. Jumla arobaini na nane. Miguu inauma, roho safi. Nyumba ya mwisho nimepewa chai na mihogo ya kuchemsha, na mama mwenye nyumba kajibu maswali yote ya upweke huku anacheka. Ana watu wa kuongea nao? Tele. Huwa anajiona ametengwa? Atengwe na nani, na nyumba ni yake.

Mwezi mzima wananijibu hivyo. Kwa karatasi zangu, mtaa wetu huu wa Temeke hauna mpweke hata mmoja. Naanza kuingiwa na wasiwasi.

Jumatano, 7 Mei
Kwa Dk. Mushi, msimamizi wangu chuoni. Kapekua madodoso, kisha kauliza majina niliyapataje. Nikamweleza kwa kujidai. Daftari la mjumbe wetu, Mzee Kondo, lina wakazi wote. Kila jina nililiandika kwenye kikaratasi, nikavitia vyote kwenye ndoo, nikatikisa, nikachomoa bila kuangalia. Sampuli nasibu. Kila mtu ana nafasi sawa ya kuchaguliwa.

Akauliza kama niliondoa jina langu, maana naishi mtaa huohuo na mtafiti hajihoji. Sikukumbuka. Aibu.

Nimerudi nyumbani nilikate kwenye nakala yangu ya daftari. Halimo. Nyumba yetu ipo: Bi Mwanaidi mwenye nyumba, mumewe, watoto wawili. Basi. Nyumba ina vyumba saba vya wapangaji. Cha sita nimekaa mimi, miaka mitatu.

Ijumaa, 9 Mei
Kwa Mzee Kondo. Shikamoo, marahaba, kiti cha plastiki. Nikauliza kwa adabu wapangaji wameandikwa wapi. Hawajaandikwa popote.
"Hao wapangaji tu, mwanangu. Leo wapo, kesho wamehama. Ntachakaza daftari bure."
Hakusema kwa ubaya. Nilipomwambia mie mwenyewe mpangaji, alishangaa. Alidhani mie ndugu yake Bi Mwanaidi.

Nina hasira, na si kwake. Daftari lile nimelinakili kwa mkono wangu mwanzo hadi mwisho, wala sikuona kuwa simo. Nimewahoji wenye nyumba sebuleni kwao, na watu wa vyumba vya uani nimewapita kama napita ndoo. Nafasi sawa. Upuuzi mtupu.

Jumamosi, 10 Mei
Ruhusa yangu ya masomo inaisha mwisho wa Juni. Baada ya hapo narudi kufundisha Singida, nimalize nisimalize. Dk. Mushi kasema kwenye simu naweza kubaki na madodoso niliyonayo, niandike tu kwamba nilihoji wenye nyumba. Inaruhusiwa. Wengi wangefanya hivyo.

Sifanyi. Nilitaka kujua nani yuko peke yake katika mtaa huu. Siwezi kuwauliza wenye funguo za geti tu.

Arobaini na nane nimeyafunga kamba, yako chini ya kitanda. Nimelia kidogo. Nikasonga ugali.

Jumatatu, 12 Mei
Orodha nitaitoa wapi? Mjumbe hana. Wenye nyumba wanataja watu wao tu.

Leo zamu yangu ya kuosha choo. Nimeshika fagio, naangalia mlango, na karatasi iko palepale ilipobandikwa kwa selotepu. Zamu za usafi. Chumba cha kwanza mpaka cha saba, wapangaji wote kwa majina, mwandiko wa Bi Mwanaidi mwenyewe. Daftarini alitusahau. Kwenye choo hakumsahau hata mmoja.

Nimecheka peke yangu mle ndani mpaka mtu aliyekuwa nje akakohoa.

Alhamisi, 15 Mei
Siku tatu nazunguka vyoo vya watu. Napiga hodi, naomba kunakili karatasi ya mlangoni. Wengine wanadhani mie bibi afya, wanakimbilia kumwaga maji kwanza. Nyumba nyingine makapera hawamo kwenye zamu, wamewaachia wanawake. Nimewatafuta chumba kwa chumba. Pasipo na karatasi tunaiandika palepale na wapangaji.

Mzee Kondo kasikia, kachukia. Anasema namdhalilisha, naokota watu vyooni na daftari lake lipo. Akataka nisimame. Nimemwomba radhi kwa kutomwambia mapema. Kwa orodha sikuomba radhi. Kibali changu kakisoma mara mbili, muhuri wa serikali ya mtaa kaugusa na kidole. Kakubali, shingo upande.

Jumapili, 18 Mei
Ndoo tena. Safari hii vikaratasi vimejaa. Changu nimekitoa kwanza.

Nimechomoa. Jina la tano: Tausi, chumba cha tatu, nyumba yetu. Mwaka wa pili tunapishana bombani. Sikujua anaitwa Tausi. Karatasi ya zamu naiona kila siku, na nilikuwa nasoma siku yangu tu.

Jumanne, 20 Mei
Nimemhoji Tausi, anachambua mchele. Yuko kiwanda cha plastiki Mikocheni, anaondoka alfajiri, ndiyo maana tunapishana tu. Kwao Kigoma. Swali la tisa: ukiugua ghafla, nani atajua? Wenye nyumba walikuwa wananijibu kabla sijamaliza kuuliza. Yeye katoa mawe mawili kwenye mchele kwanza.
"Nyie mtajua tu. Alhamisi zamu yangu ya choo. Mkikuta hakijaoshwa."
Hakuwa anatania. Nimeandika kama alivyosema.

Alhamisi, 22 Mei
Kimeoshwa. Nimekwenda kukagua kabla hata ya kupiga mswaki. Kisha kazini: madodoso sita.

Jumatatu, 26 Mei
Majibu ni mengine kabisa. Fundi viatu wa nyumba ya pili kaniomba nirudie swali la tisa, kisha kasema tuliruke. Nachoka kuliko mwezi uliopita na siachi. Yamebaki madodoso kumi na moja. Nitayamaliza.

Alhamisi, 29 Mei
Hakijaoshwa.

Saa kumi na mbili na nusu, sakafu kavu, fagio limeegemea palepale. Yeye huosha kabla ya kutoka. Nilikuwa na miadi mitatu ya mahojiano. Nikagonga chumba cha tatu. Kimya. Nikagonga kwa ngumi, nikaita jina lake. Bi Mwanaidi katoka kuuliza kuna nini.

Kafungua akiwa ameshika ukuta, anatetemeka, kanga imelowa jasho. Homa tangu juzi. Bajaji hadi zahanati. Malaria. Wamemwekea dripu, jioni wameturuhusu.

Miadi yote imepotea. Choo nimekiosha mimi.

Jumamosi, 31 Mei
Miadi miwili nimeifidia leo, ya tatu Jumanne. Nitawahi.

Nimempelekea Tausi uji. Kalalamika hauna sukari, kwa hiyo anapona. Kaniuliza zamu yangu ni siku gani. Nikamwambia Jumatatu. Kaitikia kwa kichwa, kaendelea kunywa.