Mbanduaji wa Karatasi Nyekundu

Shoga, uko wapi? Nimejifungia stoo ya halmashauri, nacheka peke yangu kama mwehu!

Unaikumbuka ile baiskeli ya bluu iliyotelekezwa kwenye nguzo ya geti la ofisi yetu? Kila nikiibandika karatasi nyekundu, "iondolewe ndani ya siku kumi na nne," mtu anaibandua. Na sheria yetu unaijua: karatasi ikibanduliwa, baiskeli ina mwenyewe, naanza kuhesabu upya. Mara saba, shoga!

Leo nikajibanza nyuma ya ukuta na mkasi wangu wa kukatia minyororo. Mtu huyo, anabandua. Nikamrukia, nikamdaka mkono: "Leo nimekupata!"

Akageuka. MAMA YAKE YULE FUNDI SAA ANAYETAKA KUNIOA! Mama ambaye namjua kwa picha tu!

"Shikamoo mama." Na mkono wake sijauachia!

"Marahaba. Hii ya mwanangu. Aliiacha hapa siku alipokusindikiza kwa miguu mpaka kwenu. Ameapa haiondoi mpaka umkubali."

Mimi aliniambia iliibiwa, nami sikuwahi kuiona! Mwaka mzima nampa pole!

Mama akafungua mkoba, akatoa karatasi zangu zote, zimekunjwa vizuri. Akanitazama juu mpaka chini.

"Sisi tunakusubiri mwaka mzima, wewe kila siku 'nitafikiria'. Halafu sisi unatupa siku kumi na nne?"

Shoga, nilicheka mpaka nikakaa chini, yeye naye hoi.

Nikamwambia, "Mama, mwambie aje aiondoe leo, kabla sijafunga ofisi."