Viatu Ulivyonipa Usingizini

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mkate nimeufunika kwa sahani. Mdogo wako nimemwambia asiwashe redio, ila akuamshe saa nne.

Kengele ya simu yako nimeizima mimi. Usininunie. Mtihani wako ni mchana, na zamu yako ya asubuhi dukani nakwenda kuifanya mimi. Kule kwenye ujenzi saruji haijafika, sina kazi leo. Nimempigia mama mwenye duka, akacheka, akasema nije, kuna maboksi ya kushusha. Viatu nitavipanga. Kubembeleza wateja, hapo simo.

Alfajiri nilikukuta umelala mezani, shavu juu ya kitabu cha uuguzi. Nilipokugusa bega ukasema, macho umefumba, "Karibu, mzee. Unavaa namba ngapi?" Nikajibu, arobaini na tatu. Ukainua mikono taratibu, kama mtu aliye ndani ya maji, ukashusha boksi lisilokuwepo, ukanikabidhi. Nikalipokea kwa mikono miwili.

"Vinabana?"

"Havibani, mwanangu."

Ukatabasamu, ukarudi ulikokuwa. Nilikaa pale mpaka dirisha likawa jeupe, nikaogopa hata kukohoa.

~~Acha hiyo kazi. Mshika mawili, moja humponyoka.~~

Nimefuta. Mimi nilipokuwa nasinzia darasani kwa uchovu wa kubeba matofali, hakuna aliyenishikia chochote. Wewe moja nimekushikia.

Nenda kafanye mtihani. Usije ukamuuzia mwalimu viatu.

Baba yako,
namba arobaini na tatu